Wanne Waliobaki Nundu

Kashebere, tarehe 19 Januari

Koloneli Nzanzu, mudogo wangu,

Nakusalimia katika jina la Bwana. Hapa network imekatika tangu siku tisa, antene iliangushwa. Hii barua nampa Prince, ule motari mwenye kubeba dawa za centre de santé mpaka kwenu na pikipiki yake. Ameniapia kwamba atakupa wewe mukono kwa mukono.

Habari ya cheo chako niliisikia kwa redio. Nilikuwa napima mchele wa Mama Thacienne, ule mwalimu, wakataja jina lako: komanda mupya wa rejima ya ba-para, askari wa parashuti. Watu mu duka wakapiga makofi. Mimi nilikaa juu ya gunia. Unakumbuka siku ulirudi nyumbani na yale mabawa ya chuma mu kifua? Mama ukamuambia ni zawadi ya kutembea muzuri mu paredi. Mimi, dada yako mukubwa, ukanivuta nyuma ya jiko, ukasema, "Yaya, ni ya kuruka toka ndege, lakini usimuambie." Tangu pale naogopa, imepita miaka makumi mbili na mbili. Ukakuwa luteni, nikaogopa. Ukakuwa kapiteni, wakakupiga risasi ya paja, nikaogopa. Watu wanaona nyota zinaongezeka mu mabega yako, mimi naona tu kwamba wanakusogeza karibu na moto.

Sasa nijibu kama ndugu. Tangu Jumatatu watu wanapita hapa wakitoka Masisi. Wamebeba magodoro, mbuzi, watoto. Ukiwauliza nini wameona, wanaomba maji tu. Jana Mama Thacienne aliniuliza mbele ya watu: "Mama Lévi, koloneli amekuambia nini? Tubaki ao twende?" Wote wakaniangalia. Nini nitawajibu?

Na Lévi wangu. Baba yake alipokufa nilikupa wewe ule mutoto umulee, ukamufanya soda, askari kama wewe, leo ni serja wa radio chini ya mukono wako. Sina mwingine. Muambie aandike hata mistari mbili.

Yaya wako,
Kavugho


Kwenye pozisyo, tarehe 23 Januari

Yaya Kavugho,

Barua yako imefika na harufu ya sabuni za dukani kwako. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena.

Usiogope. Barabara tumeishika na watu wangu ni wazuri. Ungecheka ungetuona: makomando wa parashuti, na tangu nichukue rejima hii hakuna aliyepanda ndege. Ndege tunazoziona ni zile ndogo za adui zisizo na rubani, zinalia juu yetu kama nyuki. Tunapanda na kushuka milima kwa miguu kama wachunga ng'ombe wa huku.

Nakuomba jambo moja, na ni kubwa. Usifunge duka. Wewe ni dada wa komanda. Ukifunga, Kashebere yote itakimbia kabla ya saa sita. Barabara itajaa, risasi na chakula changu havitapita, na askari wangu wenye wake huko watapata habari jioni ileile. Askari akishajua mke wake amekimbia, macho yake yanageuka nyuma. Kwa hiyo fungua kila asubuhi, panga sabuni, salimia watu. Siku hatari ikiwa ya kweli nitakuambia mapema. Nakupa neno langu.

Lévi ni mzima. Yuko na redio yake juu ya kilima ambacho askari wanakiita Nundu, maana kimekaa kama nundu ya ng'ombe. Watu tisa tu wako kule, nao ndio macho ya rejima. Nimemwambia akuandikie.

Mdogo wako,
Nzanzu


Kashebere, tarehe 30 Januari

Mudogo wangu,

Duka iko wazi. Kila asubuhi watu wanapita, hawanunui kitu, wanaangalia tu kama mulango umefunguliwa. Mama Thacienne anapita na chaki mu mukono, anaona chumvi iko mu kibao, njo anaenda kufundisha. Lakini mu kila nyumba nguo zimefungwa tayari mu kitenge nyuma ya mulango. Mimi pia yangu iko chini ya kontwari, ile meza ya kuuzia. Naisukuma na muguu nikiwa nacheka na wateja.

Juzi tulisikia milio kwa upande wenu, tangu saa mbili asubuhi mpaka watoto wanatoka masomo. Mama mumoja alikuwa ananunua mafuta ya mawese. Akaniuliza, "Ni mvua?" Nikamujibu, "Ni mvua ya kule Masisi." Akaangalia mbingu, haina hata wingu moja. Alichukua chupa yake akaenda.

Nzanzu, ninadanganya watu nikiwaangalia mu macho, kwa ajili yako. Ile neno ulinipa, uishike.

Lévi hajaandika. Nilisema mistari mbili tu.

Kavugho


Kwenye pozisyo, tarehe 5 Februari

Yaya,

Samahani kwa mwandiko, naandikia juu ya goti. Jumapili walitushambulia, tukawarudisha. Mambo yako sawa.

Lévi yuko mbele na kazi ni nyingi, ndiyo maana haandiki. Usimtume Prince kumtafuta huko. Ile njia si nzuri siku hizi.

Endelea kufungua duka. Usiniulize mengi wiki hii, tafadhali.

Nzanzu


Kashebere, tarehe 8 Februari

Mudogo wangu,

Nimepata barua. Nimefurahi kusikia Lévi iko kazini. Umusalimie sana, umuambie mama yake anamuombea.

Nina swali, si langu. Kuna jirani hapa, mutoto wake ni soda wa rejima ingine, siyo yako. Amerudi nyumbani peke yake, bila bunduki. Anakula kidogo sana. Akisikia pikipiki anaingia chini ya kitanda, mutu muzima mwenye ndevu. Mama yake ananiuliza sheria inasema nini juu ya mutu kama huyu. Nijibu kama koloneli, siyo kama ndugu.

Duka iko wazi.

Kavugho


Kwenye pozisyo, tarehe 10 Februari

Yaya,

Umeomba koloneli akujibu, basi anakujibu. Askari anayeacha pozisyo yake mbele ya adui anapelekwa kwa majaji wa jeshi, na sheria inawaruhusu kumhukumu kifo. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama mbele ya vijana watatu nikasoma majina yao kabla hawajapelekwa huko. Mmoja alikuwa anajifunga kamba ya kiatu wakati nasoma. Mwambie huyo mama amrudishe mwanawe haraka, kwa mkono wake, kabla hawajaja kumchukua. Anayerudi mwenyewe ana kitu cha kusema mbele ya majaji. Anayekutwa chini ya kitanda hana.

Na umwambie asimfiche. Mwenye kuficha naye anafungwa.

Huku kuna ukungu tangu asubuhi. Hatuoni hata miti ya karibu. Tunaposikia tawi linavunjika, wote tunaacha kupumua.

Nzanzu


Kwenye pozisyo, tarehe 16 Februari

Yaya Kavugho,

Keti kwanza, ndipo usome.

Nilikudanganya. Jumapili ile, tarehe 2, adui alipanda Nundu ndani ya ukungu. Watu tisa walikuwa juu. Wawili walishuka wakiwa na majeraha, na hawakumwona Lévi tangu risasi za kwanza. Redio yake ilikatika katikati ya neno. Nilikuandikia kwamba yuko mbele kwa sababu nilitumaini nitampata kabla hujajua. Kila asubuhi nilijiambia, leo.

Tarehe 12 wakubwa walinipa amri ya kurudi nyuma na rejima yote. Sikurudi. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili na sijawahi kukataa amri hata moja. Hii nikaiweka mfukoni. Nilisema redio ina hitilafu. Nilikuwa nafikiria mtoto uliyenipa nimlee, amelala kule juu, pengine bado anapumua, pengine anasikia sauti zetu.

Jana nilituma watu kumi na mmoja kupanda Nundu kumtafuta. Walijitolea wenyewe, lakini walijitolea kwa sababu niliwaangalia. Saba wamerudi. Wanne wamebaki kule: Ajida Evode, Kaporali Bauma, na askari wawili, Mulonda na Yves. Hawakuona hata kofia ya Lévi.

Nisamehe, yaya. Nadhani mtoto wetu amekufa.

Leo tunaondoka hapa, na baada yetu hakuna mtu kati ya adui na Kashebere. Funga duka. Nilikuahidi nitakuambia mapema na nimechelewa siku nne. Ambia watu wote waelekee Walikale, leo, wasingoje kuvuna maharage.

Nzanzu


Kashebere, tarehe 17 Februari

Nzanzu,

Lévi hajakufa. Iko hapa kwangu. Iko hapa tangu tarehe 6.

Nilianza hii barua mara tatu nikapasua. Acha niseme tu yote.

Alitokea mu shamba la migomba nyuma ya nyumba, siku ya Alhamisi, watu wakiwa sokoni. Hana viatu, mudomo umepasuka. Aliniambia: ukungu, watu wanapiga kelele pande zote, mwenzake anaangukia juu ya miguu yake. Akatupa redio, akabiringika mpaka chini mu bonde, akatembea siku ine mu pori. Nilimuficha mu depo, nyuma ya magunia ya maharage. Uniforme yake nikaisukumia chini ya gunia.

Siku ya pili Prince akaleta barua yako: Lévi yuko mbele, kazi ni nyingi. Niliisoma naye amekaa mbele yangu anakunywa uji. Tukaangaliana. Nilifikiri hivi: Nzanzu anajua mutoto amekimbia, ananificha ili nisiogope, na anamufichia pia kwa wakubwa. Nikasema asante Mungu, tunyamaze wote wawili, itapita. Njo nikakutungia ile habari ya jirani. Ulipojibu kwamba sheria inaruhusu kuua, na kwamba mwenye kuficha anafungwa, nikafunga kinywa kabisa. Sikujua unamutafuta. Naapa mbele ya Mungu sikujua hata siku moja kwamba kuna mutu anapanda ule mulima kwa ajili yake.

Jana barua ilipofika nilimusomea kwa sauti, nikidhani ni maneno ya duka. Nilipofika kwa Ajida Evode, Lévi aliniomba nirudilie lile jina. Nikarudilia. Akasema, "Mama, ule njo alinifundisha redio." Halafu akasema, "Kama ungeandika siku mbili kabla." Ni kweli, mudogo wangu. Siku mbili, karatasi moja, na wale wanne wangekuwa wanakula ugali leo.

Asubuhi hii alinawa, akatoa uniforme chini ya gunia, akavaa. Nikasimama mu mulango. Nikamuambia, "Watakuua." Akajibu, "Labda." Nikashika mulango na mikono yote mbili. Hakunisukuma. Alisimama pale mbele yangu, mikono chini, ananingoja. Tulikaa hivyo muda murefu sana. Nilikuwa namuangalia shati, kifungo kimoja kimekatika, nikafikiri nimushonee, nikajua kwamba nikienda kutafuta sindano nitakuwa nimetoka mu mulango. Nikatoka nikatafuta sindano. Aliningoja nikashona.

Yeye njo anakuletea hii barua, nyuma ya pikipiki ya Prince.

Duka nimefunga. Sikusema neno kwa mutu. Mama Thacienne aliona kufuli, akakimbia kupiga ile jante, chuma ya gurudumu ya gari wanayopigia watoto masomo, akapiga, akapiga, hata chaki ilikuwa ingali mu mukono wake. Sasa njia imejaa. Naandikia hii juu ya ukuta wa kanisa, watu wananipita.

Usimuache afe peke yake.

Kavugho


Njiani kuelekea Walikale, tarehe 19 Februari

Yaya,

Lévi alifika jana mchana. Nilimwona kwa mbali akishuka kwenye pikipiki, nikamjua kwa mwendo kabla sijamwona uso. Nitakuandikia jambo ninaloona haya kuliandika: furaha ndiyo ilitangulia. Nilimkimbilia, koloneli mzima, nikamkumbatia mbele ya rejima yangu. Kisha nikawaona wale saba walioshuka Nundu. Walikuwa wamesimama kando ya barabara wanatuangalia. Nikamwachia.

Nilisoma barua yako. Nilikukasirikia kwa muda wa saa moja hivi. Baadaye nikakumbuka ni nani aliyeandika kwamba mambo yako sawa.

Majoro Benoît, naibu wangu, alinivuta pembeni. Ni mtu mwema. Akasema, "Mon colonel, tuandike kwamba serja alipatikana na majeraha porini. Amri ya tarehe 12, tuandike ilichelewa. Nani atauliza?" Nilimwambia anipe dakika kumi. Nilizitumia zote, yaya, usifikiri mimi ni mtakatifu. Nilimwona Lévi mbele ya majaji, nikajiona mimi nimevuliwa nyota. Karibu niseme ndiyo. Lakini kwenye rapore lazima niandike wale wanne walikufa kwa ajili ya nini, na kila sentensi niliyoitunga kichwani ilikuwa inawageuza kuwa watu wajinga waliopotea njia.

Nimeandika rapore mbili. Moja ni ya Lévi: kwamba alikimbia, na kwamba alirudi mwenyewe kwa hiari yake. Ya pili ni yangu. Kesho namkabidhi Benoît rejima. Sisi wawili tutapelekwa kwa ndege mpaka mji mkubwa, tungoje majaji.

Miaka yote hii nilikudanganya jambo lingine. Nilikuambia kwamba nikiruka sisikii woga. Kila mara mlango wa ndege ulipofunguliwa meno yalikuwa yanagongana. Leo naogopa vilevile, na pembeni yangu amekaa Lévi naye anaogopa. Tumegawana biskuti moja.

Mke wa Evode anaitwa Byukusenge. Yuko kati ya wale waliokimbilia Walikale. Ameambiwa mume wake alikufa akilinda barabara. Usimtafute. Ni mzigo wangu, nitamwandikia mimi nikipata nguvu.

Nzanzu


Walikale, tarehe 11 Machi

Mudogo wangu,

Padri aliyetoka mu ule mji mukubwa mulikofungwa ametuambia mungali hai wote wawili, na majaji hawajaketi. Hii barua nampa yeye. Hapa tunalala mu darasa ya shule, jamaa saba pamoja. Kila gari ikipita kwa kasi watu wanasimama wote pamoja, wanasikiliza, halafu wanakaa. Wanasema vita inakuja na huku. Sijui tena kama kuna pahali pa kukimbilia.

Ulinikataza kumutafuta Byukusenge. Sikumutafuta. Nilisimama nyuma yake siku tatu mu mustari wa maji bila kujua ni yeye, mpaka mutu akamuita kwa jina. Ni mwanamuke kijana, murefu, ana mimba kubwa. Nilitoka mu mustari nikaenda kukaa nyuma ya choo. Siku mbili nilikuwa nachota maji kwa mutoni ili nisikutane naye. Siku ya tatu nilirudi.

Nikamuambia, "Mama, mimi ni dada ya Koloneli Nzanzu." Akatua bidoni yake ya maji, akafuta mukono apate kunisalimia. Akanipa pole! Alisikia kwamba ndugu yangu amefungwa. Nikamuambia asinipe pole, tukae kwanza. Tukakaa juu ya bidoni zetu. Nikamuambia yote. Kwamba Evode alipanda mulima kutafuta mutoto wangu. Kwamba mutoto wangu hakuwa kule. Kwamba siku ile alikuwa mu depo yangu, na mimi nilijua, na kalamu na karatasi zilikuwa juu ya kontwari.

Watu wa mustari walisogea mbele yetu wote, mpaka maji ikakatika.

Aliniuliza, "Mutoto yako iko muzima?" Nikasema iko. "Na walimuambia jina ya Evode?" Nikasema alirudi kwa sababu ya hilo jina. Nilikuwa nangoja anipige, na ningekaa anipige. Halafu akasema, bila kuniangalia:

"Sikusamehe. Usikuje tena pahali nalala. Lakini mutoto yako anajua ile njia ya kupanda kule. Mimi siijui. Vita ikiisha, akuje anipeleke. Nataka kumuzika bwana yangu na mikono yangu. Mutu mwingine wa kunionyesha ni nani?"

Nikamujibu ndiyo. Nilijibu haraka, bila kukuuliza wewe, bila kumuuliza Lévi. Akachukua bidoni yake tupu akaenda.

Kwa hiyo siku watakapowasimamisha mbele ya majaji, useme na hili. Waambie hapa Walikale kuna mujane wa Ajida Evode, na anamungoja Lévi akuje akiwa hai.

Yaya wako,
Kavugho